Mali bila daftari: Kadogo ni wa nani?

Mvua za Machi zikianza Mutuini, hapa Nairobi, njia za ndani zinazotoka barabara ya lami hugeuka tope jekundu la kunasa mguu. Kadogo alizaliwa kwenye tope hilo. Rafiki yangu alikuwa ameketi kwenye stuli mlangoni pa chumba chake cha kupanga, daftari la michoro magotini, akiwatazama watoto wakitoka shule. Mmoja wao alikuwa amevaa gambuti zisizofanana, ya kushoto nyekundu na ya kulia nyeusi. Labda moja alirithi kwa dada na nyingine kwa kaka. Akamchora kama alivyomwona: msichana wa miaka minane hivi, mwanya mbele, sweta iliyofumuka mkono mmoja, na gambuti za rangi mbili. Mimi nikampa jina na maneno ya kusema.

Tulimtumia katika kijitabu cha kurasa 16 kuhusu kunawa mikono, kilichoagizwa na shirika ambalo sitalitaja hapa. Hatukuandikiana mkataba. Kulikuwa na barua pepe ya mistari minne, invoisi niliyoichapa kwenye saiba, na shilingi 18,000 zilizoingia kwa M-Pesa tukagawana nusu kwa nusu siku hiyo hiyo. Tuliona tumefanya kazi nzuri, tena tumelipwa kwa wakati, jambo ambalo si la kawaida katika biashara yetu.

Baada ya miaka mitatu niliteremka matatu Dagoretti Corner jioni moja, nikamkuta Kadogo kando ya barabara. Alikuwa kwenye jalada la madaftari ya shule yaliyotandazwa juu ya gunia, katikati ya kalamu na rula. Sura ilikuwa ile ile, mwanya ule ule, na sweta imefumuka vile vile. Jina lake halikuwapo, wala jina la mchoraji, na gambuti zote mbili zilikuwa nyekundu. Nilinunua madaftari mawili, nikapanda matatu nyingine hadi Mutuini, nikampelekea rafiki yangu. Alilishika moja chini ya taa akalitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akasema, "Ndugu yangu, wamemvika mtoto wetu viatu vya mtoto mwingine."

Wengi mtaani watasema aliyechora ndiye mwenye mali, basi. Sheria nayo inaanzia hapo hapo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mtunzi kuwa mwenye kazi yake wa kwanza. Haki hiyo humpata pale tu kazi inapotiwa katika umbo la kuonekana, iwe ni karatasini, ukutani au kwenye kompyuta, bila kuomba wala kulipia chochote. Tungesoma hadi hapo tukafunga kitabu, tungelala usingizi mnono. Lakini kuna kifungu cha 31. Kifungu hicho kinasema kwamba kazi ikifanywa na mwajiriwa ndani ya ajira yake, au ikifanywa kwa kuagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, hakimiliki itahesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri au kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vinginevyo.

Naomba msomaji airudie sentensi hiyo polepole, kwa sababu riziki ya wachoraji wengi wa Nairobi imo humo. Kama mmeandikiana, mtaamuliwa na mlichoandika. Kama mmenyamaza, kimya chenu kimeshamchagulia mwagizaji. Na sisi tulinyamaza.

Kuhusu mwajiriwa sina ugomvi mkubwa na kifungu hicho. Mchoraji wa gazeti aliye na dawati, mshahara wa mwisho wa mwezi, likizo na bima amepata kitu mkononi, na anajua anabadilishana nini na nini. Shida ni kwamba wengi wa vijana wanaochora katuni katika jiji hili si waajiriwa wa mtu. Wanachorea mashirika ya misaada, wachapishaji wa vitabu vya shule, kampeni za afya, matangazo ya simu na sabuni. Wanafanyia kazi nyumbani, kwa kompyuta waliyonunua wenyewe na umeme wa tokeni zao. Wakiugua, aliyewaagiza hana habari nao. Kazi isipotokea, wanalala njaa peke yao. Kwa mambo yote ya kumfaa mtu, sheria inawahesabu kuwa watu huru; likija suala la nani mwenye mali, inawaweka kapu moja na mwajiriwa. Naliona jambo hili si haki, na sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Wala si kwamba haiwezekani kuwa vinginevyo. Uingereza, tulikorithi sehemu kubwa ya sheria zetu, sheria yao ya mwaka 1988 inamwachia mtunzi hakimiliki ya kazi aliyoagizwa. Ni kazi ya mwajiriwa tu inayokwenda kwa mwajiri. Anayeagiza kwa mtu wa nje na akataka kumiliki, anaomba, na maombi yake yanatiwa saini kwenye karatasi. Mzigo wa kuandika uko begani mwa anayetaka kuchukua. Huku kwetu uko begani mwa anayetaka kubaki na chake, ambaye mara nyingi ndiye mdogo na ndiye mwenye haraka ya kulipa kodi ya nyumba.

Matatu zetu zimewabeba mashujaa wa Marekani ubavuni kwa miaka mingi. Filamu ya Black Panther ilipotoka Februari 2018, Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa wachezaji wake wakuu, nchi nzima ililijua jina la Wakanda. Mchoraji aliyembuni shujaa huyo mwaka 1966 pamoja na mwandishi Stan Lee aliitwa Jack Kirby. Huyo naye, wakati huo, alichora nyumbani kwake na kulipwa kwa ukurasa. Alikufa mwaka 1994. Mwaka 2009 watoto wake waliiarifu kampuni ya Marvel kwamba wanataka kurudishiwa sehemu ya haki za wahusika ambao baba yao alishiriki kuwabuni. Kesi ikafika mahakama ya rufaa ya shirikisho huko New York, na mwaka 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba kazi ile ilifanywa kwa agizo na kwa gharama ya kampuni, kwa hiyo kampuni ndiyo mtunzi machoni pa sheria. Familia ikakata rufaa kwa Mahakama ya Juu ya Marekani. Septemba 2014, kabla majaji wa huko hawajasema kama wataisikiliza au la, pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Kabla ya Kirby kulikuwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili walioiuza haki ya Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Walikuwa wazee, mmoja wao karibu kipofu, kampuni ilipokubali mwaka 1975 kuwapa pensheni na kuyarudisha majina yao kwenye kazi waliyoibuni.

Ninasimulia ya huko mbali kwa sababu kesi ya Kirby iligeukia maneno yale yale yanayotukaba sisi: nani aliagiza, nani alilipa. Tofauti ni kwamba watoto wa Kirby walikuwa na nyaraka, mawakili na sheria ya kupigania. Kwetu hapa wahusika wakubwa wameishi na kuzimika bila hata swali lenyewe kuulizwa.

Mfikirie Joe. Hilary Ng'weno alikuwa na safu ya vichekesho gazetini, na ndani yake kulikuwa na mwananchi wa kawaida wa Nairobi aitwaye Joe, anayepambana na bei za vitu, wakubwa wa ofisini na madeni. Mwaka 1973 Ng'weno akaungana na mchoraji Terry Hirst, Mwingereza aliyekuja Kenya kufundisha sanaa, wakaanzisha jarida walilolipa jina la mhusika huyo. Jarida la Joe lilidumu hadi 1979. Ng'weno alijitoa mapema akaenda kuanzisha The Weekly Review, na Hirst akaendelea. Jambo ninalolishika katika kisa hicho ni hili: mhusika alihama gazeti akaenda na mtunzi wake. Hakubaki kwenye safu kama kiti cha ofisi. Ndiyo maana akaweza kukua, kutoka maneno hadi picha, kutoka picha hadi jarida zima lililowapa nafasi wachoraji na waandishi wengine wa mji huu.

Mmoja wa waliochora humo ni Edward Gitau, anayejulikana na wasomaji wa Taifa Leo kwa Juha Kalulu. Juha alianza kuchorwa miaka ya 1950, Kenya ikiwa bado koloni, na mkono ule ule ukaendelea kumchora hadi uzeeni. Kuna wasomaji waliojifunza Kiswahili cha gazetini kwa kuanzia ukurasa wa Juha kabla ya kurudi mbele kwenye habari za siasa. Mimi ni mmoja wao. Katuni iliyodumu hivyo katika nchi nyingine ingekuwa na vitabu vilivyokusanywa, vikombe, fulana, filamu ya watoto. Ya kwetu iko kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari na nyama.

Frank Odoi alikuja Nairobi kutoka Ghana, akafanya kazi na Hirst, akatupatia katuni za Akokhan na Golgoti. Aliaga dunia katika ajali ya barabarani hapa Nairobi, Aprili 2012. Sheria yetu inalinda kazi ya sanaa kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, kwa hiyo kazi za Odoi zitalindwa hadi mwisho wa 2062. Miaka hiyo ni mingi. Watoto na wajukuu wa mchoraji wanaweza kusoma na kujengeka kwa mhusika mmoja aliyetunzwa vizuri, ikiwa tu karatasi zinaonyesha alikuwa wa nani.

Tanzania wana hazina kubwa kuliko yetu, nayo inafundisha pande zote mbili. Chakubanga wa Christian Gregory alitoka katika Uhuru, gazeti la chama tawala, akawa jina la mitaani kiasi kwamba watu walimtaja kama jirani yao. Jarida la Sani likaleta Lodi Lofa, Kipepe na Madenge, wahusika ambao kwa miaka walipita katika mikono zaidi ya mmoja. Lakini wako pia walioshikamana na mhusika wao hadi mwisho. Ali Masoud alichora panya mdogo mwenye maneno makali, na leo ukimtaja Masoud bila Kipanya watu watakuuliza ni Masoud gani. James Gayo alimtoa Kingo gazetini akampa jarida lenye jina lake. Hapo mtu na mhusika wamefungwa pamoja hadharani, na yeyote atakayetaka kuwatenganisha itambidi aje mchana kweupe.

Sisemi kila mhusika lazima awe mali ya mtu mmoja. Katuni ya Shujaaz, iliyoanza mwaka 2010 ikisambazwa ndani ya gazeti na kwa mawakala wa M-Pesa, ni kazi ya kampuni ya Well Told Story, na kijana wake DJ Boyie amezungumza Sheng redioni na mitandaoni pamoja na kuchorwa. Mhusika wa namna hiyo ana waandishi, wachoraji na watangazaji. Ni kama timu ya mpira. Jezi ni ya klabu. Anayeingia akijua hivyo, akalipwa vizuri na jina lake likaandikwa, hajadhulumiwa. Kinachodhulumu ni kutojua.

Nirudi kwa gambuti. Kifungu cha 32 cha sheria ile ile kina haki ambayo mwagizaji hanunui kwa kuagiza. Hata hakimiliki ikishahama, mtunzi anabaki na haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeitunga kazi, na haki ya kupinga ikiharibiwa au kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima. Haki hiyo haiwezi kuuzwa mtunzi angali hai. Mawakili wanaweza kubishana kutwa kama kubadilisha rangi ya kiatu ni kupotosha. Mimi najua kwamba gambuti zile mbili ndizo zilizokuwa hadithi. Zilisema huyu ni mtoto wa nyumba ambayo kitu hakitupwi, na watoto wa Mutuini walizitambua mara moja tulipojaribisha kijitabu. Mmoja alinyoosha mguu wake tuone na zake. Aliyezipaka rangi moja alifikiri anasahihisha kosa.

Tuliliandikia lile shirika. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, la heshima na fupi: kazi iliagizwa na kulipiwa, hakimiliki ni yao, na walikuwa wamempa mchapishaji ruhusa. Niliposoma kifungu cha 31 kwa mara ya kwanza, nikiwa na barua hiyo mkononi, ndipo nilipoelewa kwamba walichosema kina msingi. Hilo liliuma kuliko wizi. Kuhusu jina la mchoraji hawakujibu kitu, na hapo ndipo tungeweza kuwashika, lakini gharama ya wakili ilikuwa kubwa kuliko tulichokuwa nacho sote wawili.

Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari. Yetu iliishia kwenye jalada la daftari lenyewe.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia vijana wanaochora jambo moja wanalolichukulia kama uchoyo mwanzoni. Kabla ya kuanza kazi, andika sentensi moja kwenye barua pepe, na usianze hadi mwagizaji ajibu kwamba amekubali. Kwetu sisi ingetosha kuandika hivi: hakimiliki ya Kadogo na picha zake zote inabaki kwa mchoraji na mwandishi, shirika limepewa ruhusa ya kumtumia katika kijitabu hiki peke yake. Maneno hayo hayahitaji wakili. Yanaweka wazi makubaliano ambayo kifungu cha 31 kinayataka ili mtunzi abaki na chake. Mwagizaji akikataa, angalau mtu anajua anauza nini na anaweza kutaja bei ya kuuza mtoto mzima badala ya bei ya kurasa 16.

Kisha kuna usajili. Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, inapokea kazi za kusajiliwa kwa mtandao. Si lazima kusajili ili uwe na haki, lakini siku ya ubishi cheti chenye tarehe kinazungumza kwa sauti kuliko kumbukumbu za marafiki wawili. Jina la mhusika ni jambo la mlango mwingine. Hakimiliki inalinda mchoro na maneno jinsi yalivyotungwa. Haimzuii mtu kuchora msichana mwingine mwenye mwanya, na jina fupi kama Kadogo peke yake hailishiki. Anayetaka kulilinda jina na sura kwenye bidhaa, kama vile madaftari na mikoba, huenda KIPI, taasisi ya mali ya viwandani, kusajili alama ya biashara, inayodumu miaka 10 na kuweza kuongezwa tena na tena. Na anayechukua shujaa wa ngano za jamii, kama Hirst na wenzake walivyofanya kwa mfululizo wa Pichadithi miaka ya 1980, ajue kwamba tangu 2016 Kenya ina sheria inayozipa jamii sauti juu ya urithi wao ukitumiwa kibiashara. Luanda Magere, shujaa wa masimulizi ya Waluo, hakubuniwa na mchoraji yeyote.

Mimi na rafiki yangu tuligundua pia kwamba sisi wenyewe tulikuwa hatujawahi kuandikiana. Nani mwenye Kadogo kati ya aliyechora na aliyempa jina? Tulikuwa tumeishi kwa imani tu, na imani hiyo haikuwahi kujaribiwa na fedha nyingi. Usiku mmoja tukakaa mezani, mama wa rafiki yangu akatuletea chai, akatuuliza, "Wanangu, mbona mnaandikiana kama watu waliogombana?" Tukamwambia tunaandikiana ili tusigombane. Akasoma karatasi yote, akatia saini kama shahidi.

Ombi langu kwa Bunge ni dogo na linaweza kuandikwa kwa mstari mmoja: yaondolewe katika kifungu cha 31 maneno yanayohamisha hakimiliki kwa sababu tu kazi imeagizwa. Mwagizaji apate ruhusa ya kuitumia kazi kwa lile aliloagizia, na akitaka zaidi aombe kwa maandishi na alipie. Na ombi langu kwa mashirika, wachapishaji na magazeti halihitaji kungoja Bunge. Andikeni jina la mchoraji. Mkitaka kumtumia mhusika mahali pengine, mpigieni simu aliyemzaa. Nambari yake mnayo, kwani ndiyo mliyoitumia kumlipa.

Rafiki yangu bado anakaa Mutuini, na bado anachorea mlangoni mchana kukiwa na mwanga. Mwaka huu tumeanza kitabu chetu wenyewe chenye watoto wanne wa mtaa, na karatasi zake zote ziko ndani ya bahasha moja ya kaki. Kadogo hayumo. Kwa sheria ilivyo leo, hatuna ruhusa ya kumchora.